Diwani mpya Kamati ya Elimu, Afya na Maji: huduma za wazee na zahanati zinakaguliwaje hasa?

Kibatari_cha_Kata:
Wakuu, salaam. Naulizia upande wa halmashauri za wilaya, Tanzania Bara. Diwani wa awamu ya kwanza kapangwa Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Kata ina zahanati tatu na kituo cha afya kimoja. Wazee wenye kadi za msamaha (za kutibiwa bure) wanaonwa na mganga vizuri tu, ila kwenye dawa wanaambiwa wakanunue nje. Kikao cha robo kiko karibu na kabrasha la afya ni majedwali matupu. Nani anawajibika kwa nini? Diwani ana haki ya kuona nyaraka zipi? Na huo msamaha unakwama wapi hasa, kwa mganga, kwa Bohari ya Dawa au kwa halmashauri yenyewe?

Katibu_Afya_Mstaafu:
Mheshimiwa, anza kwa kutenganisha mamlaka, maana maswali mengi ya madiwani hufia hapo. Zahanati, vituo vya afya na hospitali ya wilaya ni vya halmashauri, chini ya TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa). Sera na miongozo ya tiba inatoka Wizara ya Afya. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko wizarani, kwa hiyo malalamiko yake ukiyaleta kwenye kamati yako yataandikwa kwenye muhtasari na kuishia humo. Makazi ya wazee ya serikali kama Nunge, Kolandoto na Bukumbi nayo yako chini ya wizara inayoshughulika na maendeleo ya jamii na makundi maalum. Kilicho chenu ni mzee anayeishi nyumbani kwake.

Ndani ya halmashauri, mambo ya mzee yako Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe, na mkuu wake ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Divisheni ya Maendeleo ya Jamii ndiyo yenye mikopo ya asilimia 10 (wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, wazee kama kundi hawamo). TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini) ina mratibu wake. Ukiuliza kuhusu kadi za wazee kwa Afisa Maendeleo ya Jamii utajibiwa kwa adabu na hutapata kitu.

Chini ya Mganga Mkuu kuna CHMT, yaani timu ya uendeshaji wa afya ya halmashauri: katibu wa afya, muuguzi mkuu, mfamasia, afisa afya, mtaalamu wa maabara, daktari wa meno na afisa ustawi wa jamii. Timu hiyo inatakiwa kufika kila kituo angalau mara moja kwa robo na kuacha maelekezo ya maandishi. Omba kuona kitabu cha usimamizi shirikishi, kinamoandikwa maelekezo hayo, pale pale kituoni. Tarehe zikiwa zimeachana miezi saba, au maelekezo ya Machi yakarudiwa neno kwa neno Septemba, hoja yako ya kwanza umeshaipata.

Kuhusu fedha: tangu mwaka wa fedha 2017/18, Mfuko wa Pamoja wa Afya (wa wahisani) unapeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Hazipitii tena akaunti ya Mkurugenzi wa halmashauri. Ndiyo maana ile sentensi ya "halmashauri haijatuletea hela" uiulizie mara mbili. Mapato na matumizi ya kituo yako kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo. Omba taarifa ya robo ya FFARS ya kila kituo cha kata yako pamoja na taarifa ya benki ya miezi hiyo hiyo mitatu, uziweke bega kwa bega. Salio la kufungia robo lisipolingana, usipige kelele kwanza. Huenda ni malipo yaliyoidhinishwa tarehe 29 yakatoka benki tarehe 2. Ila yakifanana na hayo robo tatu mfululizo, mkaguzi wa ndani aitwe.

Bi_Ustawi:
Mwenzangu hapo juu kaeleza vizuri, mimi nijibu la msamaha.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Msamaha wa matibabu ni kwa wa miaka hiyo na kuendelea asiye na uwezo. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayozaa ugomvi. Utambuzi huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa: orodha inaandaliwa, inasomwa hadharani, afisa ustawi anahakiki, ndipo kadi inatoka. Asiye na cheti cha kuzaliwa anatambuliwa kwa kitambulisho cha NIDA, cha mpiga kura, au kwa maelezo ya wenyeji wanaomjua.

Yanayoharibika ni haya. Utambuzi hufanywa kama kampeni, mara moja, picha zikapigwa basi. Aliyetimiza miaka 60 mwaka uliofuata hayumo, na marehemu bado wamo. Uliza orodha ilihuishwa lini. Jibu linatakiwa kuwa tarehe, "huwa tunahuisha" siyo jibu. Jingine, mzee anakwenda hospitali ya wilaya bila barua ya rufaa kutoka zahanati, kadi inakataliwa dirishani, analipa. Kosa hapo si la karani wa dirisha, ni la zahanati iliyomwambia "nenda tu hospitali". Na pengine bango la dirisha la wazee lipo, lakini dawa zinatolewa dirisha moja kwa watu wote, kwa hiyo mzee anaruka foleni ya daktari kisha anakaa saa mbili kwenye foleni ya dawa.

Kubwa kuliko yote: msamaha hauna fidia. Mwenye CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii, ambayo kiwango chake kabla ya bima kwa wote kilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka) akitibiwa, kituo kinadai na kulipwa. Mwenye kadi ya msamaha akitibiwa, hakuna anayelipa chochote, na dawa aliyopewa kituo kiliinunua kwa fedha zake. Zahanati yenye wazee wengi inajimaliza yenyewe. Mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) hatasema hivyo mbele ya kamati, ila ndiyo hesabu iliyo kichwani mwake anapomwelekeza mzee duka la dawa muhimu.

Baadhi ya halmashauri zimewakatia wazee CHF kwa mapato ya ndani. Chukulia kata ina wazee 300 wa msamaha wanaoishi kaya tofauti: kwa kiwango hicho, 300 × 30,000 ni shilingi 9,000,000 kwa mwaka. Hilo ni jambo la kupeleka Kamati ya Fedha kabla bajeti haijafungwa. Ukilileta Mei umechelewa, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kabla ya kuandika hoja muulize mratibu wa CHF utaratibu wa sasa wa kujiunga, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekuja kubadili mpangilio mzima. Muulize pia malipo ya mwisho kwa vituo yalifanyika lini. CHF inayochelewa kulipa miezi sita haimsaidii mganga kuliko msamaha.

Angalizo: usiombe majina ya wagonjwa wala magonjwa yao. Omba idadi. Siri ya mgonjwa haifunguliwi na cheo cha udiwani.

Leja_na_Stoo:
Naongezea dawa, maana hapo ndipo mzee anapoumia. Majedwali ya kabrasha yanasema "upatikanaji wa dawa asilimia fulani". Asilimia hiyo ni ya orodha ya dawa za kufuatilia (dawa chache zilizochaguliwa kuwa kipimo), na dawa ya malaria ikiwepo inainua takwimu. Mzee wa presha hapati nafuu kwa dawa ya malaria. Taja dawa kwa jina: amlodipine ya presha, metformin ya sukari. Uliza kila moja ilikosekana siku ngapi katika robo.

Ukienda kituoni, nenda na mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa kituo, usiende peke yako. Chagua dawa mbili tu. Chukua salio la mwanzo wa robo kwenye leja, jumlisha zilizopokelewa kwa hati ya Bohari ya Dawa, toa zilizotolewa kwa wagonjwa, kisha hesabu vidonge vilivyoko. Mfano: 2,000 za mwanzo, zimepokelewa 5,000, zimetoka 4,300. Rafu na stoo ziwe na 2,700. Ukikuta 1,900, vidonge 800 havina maelezo. Kwa anayemeza kimoja kwa siku, hiyo ni dawa ya mwezi mzima ya watu 26. Sema hivyo kikaoni, "watu 26", itasikika kuliko "vidonge 800".

Kabla ya kumshuku mtu angalia kama kuna dawa zilizopelekwa zahanati nyingine kwa barua, zilizoisha muda zikatengwa, au siku ambazo mtoa dawa hakuandika kabisa. Kitabu cha MTUHA namba 5 (rejista ya wagonjwa wa nje) kitakuonyesha wagonjwa wa siku hiyo. Wagonjwa 40 na leja haikuguswa, basi tatizo ni uandishi.

Tena, mzigo wa Bohari ukifika, wajumbe wa kamati ya kituo washuhudie kufunguliwa kwa maboksi na wasaini. Kwingi wanaitwa kesho yake kusaini karatasi. Na dawa isiyopatikana Bohari kituo kinaruhusiwa kuinunua kwa mshitiri wa mkoa (msambazaji binafsi aliyeteuliwa), kwa hiyo "Bohari hawana" ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni oda ya mshitiri: iko wapi, ya tarehe gani?

Msomaji_wa_Kaunti:
Kwetu Kenya ramani ni nyingine. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti huduma za afya, kwa hiyo anayembana waziri wa afya wa kaunti ni Kamati ya Afya ya bunge la kaunti. Pesa za wazee wa miaka 70 na zaidi (Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi) zinatoka serikali kuu, MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) hana kauli juu yake. Sheria ya 2023 kuhusu mapato ya vituo iliruhusu hospitali kubaki na kile inachokusanya. Lakini hiyo hesabu ya vidonge inafanya kazi popote penye leja.

Kibatari_cha_Kata:
Asanteni sana. Swali la mwisho: haya yakishakusanywa yanaingiaje kikaoni? Mkuu wa divisheni anajibu "tumelipokea, tunalifanyia kazi" na robo inayofuata jibu ni lile lile.

Katibu_Afya_Mstaafu:
Hapo ni uandishi wa azimio, Mheshimiwa. Azimio la "divisheni iboreshe huduma za wazee" halitekelezeki na halipingiki. Liandikwe hivi: "Afisa Ustawi wa Jamii awasilishe orodha iliyohuishwa ya wazee wa msamaha, kata kwa kata, ifikapo tarehe fulani, Mfamasia awasilishe idadi ya siku ambazo amlodipine na metformin zilikosekana, kituo kwa kituo." Mhusika kwa cheo, tarehe, na karatasi inayotakiwa mezani. Mwombe mwenyekiti wa kamati kwamba yatokanayo (utekelezaji wa maazimio ya kikao kilichopita) yasomwe kabla ya taarifa mpya, maana taarifa mpya ikishaanza kusomwa saa nne hadi saa saba, yatokanayo yanapitishwa watu wakiwa wanaangalia chakula.

Kama robo mbili zimepita bila karatasi hiyo, lipeleke Baraza kamili kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na kanuni za kudumu za halmashauri yenu. Na usimwamuru mganga mfawidhi ukiwa kituoni hata kama uko sahihi. Huna mamlaka hayo, na siku ya kikao yeye ndiye atakuwa mlalamikaji. Andika kwa Mkurugenzi, nakala kwa Mtendaji wa Kata, upige muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Bi_Ustawi:
Na uipeleke ile orodha kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya yote. Mwenyekiti wake ni wewe mwenyewe, na wenyeviti wa vijiji waliomo ndio wanaojua nani kafariki.