Gamondi abaki Taifa Stars mpaka AFCON 2027, au atafutwe mwingine?

Mama Shani, Mikindani

Habari za huko mliko, wadau.

Mimi nina kibanda umiza hapa Mikindani, huu mwaka wa saba. Mabenchi kumi na sita, runinga ya nchi 43, kiingilio shilingi 500, na Stars ikicheza watoto wanakaa mkekani mbele bila kulipa. Sijawahi kuitazama Stars uwanjani. Naitazama nikiwa mlangoni, kwa hiyo nyuso za watu naziona kuliko ninavyoiona runinga yenyewe.

Jumapili ya Januari 4, 2026, Stars, timu yetu ya taifa, tulitolewa AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) na wenyeji Morocco 1-0, bao la Brahim Díaz dakika ya 64. Lilipoingia nilijua kitakachofuata, maana nimekizoea: wa mabenchi ya nyuma wananyanyuka, huyu kaacha pikipiki gizani, yule anawahi kulala, kesho shamba. Januari 2024, siku tuliyofungwa 3-0 na Morocco hao hao kule San Pedro, filimbi ya mwisho ilinikuta na watu tisa. Safari hii hakuondoka mtu. Mchezaji wetu alipoangushwa kwenye boksi lao dakika za mwisho na mwamuzi akapeta, kibanda kizima kilikuwa wima. Kuna wavuvi wawili waliopaswa kuwa wameshaingia baharini, wao ndio walitoka wa mwisho, hawasemi kitu, wameshikana mabega tu. Nimefunga mlango nikakaa peke yangu na machozi yakanitoka, na hayakuwa ya hasira.

Ndiyo maana nauliza: huyu kocha, Gamondi, abaki au aondoke?

Msimamo wangu nausema mapema. Abaki, aache kuitwa kaimu, apewe mkataba unaoeleweka mpaka AFCON ya 2027 inayokuja kwetu, Kenya na Uganda.

Alichukuliwa Novemba kutoka Singida Black Stars zikiwa zimebaki wiki chache tu. Kwenye kundi Nigeria walitangulia, M'Mombwa wetu akasawazisha, Lookman akawarudisha mbele hata shangwe haijatulia, tukalala 2-1. Uganda tukatoka nao 1-1. Tunisia wakatangulia kwa penalti, Fei Toto akasawazisha kipindi cha pili kilipoanza tu. Yaani mara mbili tumefungwa kwanza na mara mbili tumejibu, tena mbele ya Nigeria na Tunisia. Stars ninayoijua mimi ikifungwa moja inasubiri la pili. Na hata ikitangulia, moyo unakuwa juu. Mwaka 2019 kule Misri tulitangulia mara mbili dhidi ya Kenya tukalala 3-2. Mwaka 2024 tuko mbele ya Zambia, wenzetu wako kumi uwanjani, wakasawazisha dakika ya 88. Siku hiyo kijana mmoja alivunja kiti changu cha plastiki na sikumdai.

Halafu tazameni tunavyoishi na makocha. Amunike alitupeleka 2019, mashindano yalipoisha tukaachana naye. Amrouche akatufuzisha kwa sare ya 0-0 huko Algeria kwao, kufika Ivory Coast akafungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, baada ya mechi ya kwanza. Hemed Suleiman akaipokea timu, akaifuzisha kwenda Morocco, akaondolewa safari ikiwa mlangoni. Tumecheza AFCON mara nne tangu 1980, na hakuna kocha mkuu aliyeipeleka timu huko mara mbili. Kila mara tunaanza kufundishana upya.

Mnaonaje? Hasa ndugu zangu wa Kusini, maana huku kwetu huwa hatuulizwi.

---

Korosho Daraja la Kwanza, Tandahimba

Dada Mama Shani, hongera kwa kazi, na nimekusoma kwa makini. Lakini nakataa.

Fainali zote nne tumecheza mechi 13. Sare tano, tumefungwa nane. Ushindi hakuna, hata mmoja, tangu 1980! Safari hii tumevuka makundi kwa pointi mbili, na pointi mbili hizo hizo mwaka 2024 zilituweka mkiani mwa kundi. Kilichotuvusha ni kwamba Angola nao walikuwa na mbili, tofauti ya mabao ikawa sawa, sisi tumefunga matatu, wao mawili. Bao moja! Na Uganda walikosa penalti dakika za majeruhi. Ile ingeingia, mashabiki wako wangekuwa wanamtukana Gamondi sasa hivi.

Huku kwetu mzigo ukifika ghalani unapimwa uzito, unapimwa unyevu, ndipo unapewa daraja. Hakuna anayeupa daraja kwa sababu gunia ni jipya. Gamondi nampenda, mimi ni Yanga, na tulipomfunga Simba 5-1 Novemba 2023 yeye ndiye aliyekuwa kocha wetu. Ila Yanga alikuwa na wachezaji kila siku asubuhi. Timu ya taifa anawaona siku kumi, wanatawanyika. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kwangu mimi atangazwe kocha kwa ushindani. Naye aombe kama wengine.

---

Mwana Ruangwa

Shikamoo Mama Shani.

Hoja yako ya kuacha kubadilisha makocha naikubali yote, ila inanichoma, kwa sababu ingepaswa kuanza kwa Kocha Hemed. Nani alikwenda kuwafunga Guinea 2-1 ugenini? Nani aliwafunga tena 1-0 Dar Novemba 2024, bao la Msuva, tukapata tiketi? Na CHAN (fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025 tulifika robo fainali kwa mara ya kwanza, tukawafunga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar, tukatolewa na Morocco kwa bao moja. Sawasawa na alivyotolewa Gamondi. Timu ile ile, matokeo yale yale, 1-0. Mmoja anapewa mkono wa kwaheri, mwingine tunamtafutia mkataba.

Mimi nimekulia Ruangwa, klabu yetu ya Namungo naiona kwa macho. Juma Mgunda, aliyekuwa na Hemed kwenye benchi la Stars 2024, ameifundisha Namungo, na nilikuwa nasimama nyuma ya uzio wakati wa mazoezi. Anamwita kijana pembeni, anamweka mkono begani, wanazungumza Kiswahili dakika tano, kijana anarudi amebadilika. Kocha mgeni anafanya hivyo kupitia kwa nani? Wazawa tunawaita nyumba ikiungua, moto ukizimika tunawaambia asante.

---

Mama Shani, Mikindani

Marahaba mwanangu.

Hili la Hemed umenigusa pabaya. Siku alipoondolewa niliandika kwa chaki kwenye ubao wa ratiba "Asante Kocha Hemed", nikaliacha wiki nzima, na watu waliokuja kutazama ligi ya Uingereza waliniuliza ni nani, nikawaeleza mmoja mmoja. Hakutendewa haki. Kweli tulifungwa nyumbani na Niger, tukafungwa nyumbani na Zambia, mechi za kufuzu Kombe la Dunia, na watu walikuwa wamekasirika, hata kwangu hapa walikasirika. Lakini mtu aliyekuletea tiketi ya AFCON unamwacha asafiri nayo.

Sasa tumwondoe na huyu ili tuwe sawa kwa wote? Hemed harudi kwa kumfukuza Gamondi. Atakuja wa tatu, ataomba muda, na 2027 itatukuta tunajifunza majina. Ninachokitaka mimi ni Gamondi abaki na Hemed arudishwe kwenye benchi lile lile, kwa cheo chenye heshima yake, siyo kubeba koni.

Kaka wa Tandahimba, unyevu nimeupima. Mwaka 2024 kwenye kundi tulifunga bao moja katika mechi tatu. Safari hii matatu, na kila mechi ya kundi tumepata bao. Kwako ni bao moja zaidi ya Angola. Mimi naona timu iliyokwenda kwa Nigeria na Tunisia ikiamini itafunga, na ikafunga. Kuhusu ushindi sina la kubisha. Hatujashinda, na linaniuma kama linavyokuuma wewe.

---

Mzee wa Ng'apa, Lindi

Wanangu, nimesomewa haya na mjukuu, naye ndiye anayeniandikia.

Mwaka 1979 nilikuwa kijana, tumeizunguka redio moja ya mbao nyumbani kwa bamkubwa. Stars wako Ndola na Zambia. Tulishawafunga 1-0 Dar es Salaam, kule wametutangulia, tunasikia tu kelele za uwanja wao. Peter Tino akasawazisha mpira ukielekea mwisho. Bamkubwa alikuwa mtu mkali, hatujawahi kumwona akikimbia. Siku ile alitoka nje akakimbia mpaka kisimani na kurudi.

Tukaenda Lagos 1980. Nigeria wakatufunga 3-1, Misri 2-1, na Ivory Coast tukatoka 1-1. Tukasema mwaka mwingine tutafanya vizuri zaidi. Mwaka mwingine ukaja baada ya miaka 39. Bamkubwa hakuuona.

Nataka mjue jambo moja kuhusu timu ile. Alikuwepo Joel Bendera, Mtanzania, na alikuwepo Mpolandi, Slawomir Wolk. Mzawa na mgeni. Sisi hatukugombana nani ni bora, tuliwataja wote wawili kwa pumzi moja. Kwa hiyo wazo la huyu mama la kuwaweka Gamondi na Hemed pamoja, mimi nimelisikia nikaona silo geni.

Mimi sina miaka 39 mingine ya kusubiri. Mwacheni mtu afanye kazi.

---

Chandimu Masasi

Shikamoo Mzee. Mama, heshima yako.

Mimi nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 kwenye kiwanja cha nyuma ya ghala, ukifika msimu wa korosho malori yanapita katikati ya mazoezi. Kwangu Gamondi abaki, ila kwa sharti moja tu: afike huku. Siyo yeye mwenyewe kila wiki, naelewa, lakini awe na mtu wake anayekaa uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara siku mbili, anayekaa Ilulu kule Lindi siku mbili, ana daftari. Mwaka 2021 UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ilifanyika hapa Mtwara, vijana wa nchi nzima walikuwa chini ya macho yetu, na nilimwona winga mmoja wa mguu wa kushoto ambaye mpaka leo nikifumba macho namwona. Sasa hivi anaendesha bodaboda Ndanda. Nimekutana naye mwezi uliopita, amenisalimia kwa adabu, akanipeleka bure.

---

Korosho Daraja la Kwanza, Tandahimba

Shikamoo Mzee wa Ng'apa. Nimesoma mara mbili hiyo ya bamkubwa wako.

Sijahama kwenye lile la ushindi. Lakini kuna jambo hatujaligusa na kwangu ndilo zito kuliko jina la kocha. Wenyeji wa 2027 tumeshafuzu. Maana yake hakuna tiketi tunayoitolea jasho, na timu isiyotoa jasho inalala. Kama Gamondi atabaki, basi mkataba wake useme wazi atacheza mechi za kirafiki na nani. Nataka Senegal, nataka Misri, nataka tufungwe huko mapema na tujue tunafungwa kwa nini, kuliko kuitana na timu dogodogo tukashangilia 4-0 halafu Juni 2027 tukajikuta tunatetemeka mbele ya watu wetu. Na Hemed awemo. Kwa masharti hayo mawili, Dada Mama Shani, mkono wangu utauona juu. Bila hayo, atangazwe mwingine.

---

Mama Shani, Mikindani

Hayo mawili nayachukua kama yalivyo, kaka, na la Chandimu nalifanya la tatu. Huyo kijana wa Ndanda mwambie siku akishuka Mikindani aje, halipi.

Na hizo mechi za kirafiki, hata zikichezwa saa sita usiku nitafungua. Nimeshamwambia fundi aniongezee mabenchi manne.