Oktoba Minneapolis, Marekani, digrii 26 za Selsiasi?

Muuliza: Wakuu habari, ndio mwaka wangu wa kwanza huku, wiki iliyopita nimeamka nakuta umande umeganda kwenye nyasi nikakimbilia kununua jaketi zito, sasa siku ya tano jua tupu na mvua hakuna, ni kawaida hii?

Jibu: Karibu sana. Mgandamizo mkubwa wa hewa ukituama mawingu hayajengeki, upepo nao unaleta joto la kusini, kawaida katikati ya Oktoba mchana ni kama digrii 15 tu. Jaketi usirudishe!

Jibu: Jamani msichome majani, yamekauka mno na upepo upo, moto ukishika hauzimiki kirahisi.

Muuliza: Asanteni, wacha nikachume sukuma wiki, imepona ile baridi.