Nimestaafu, nataka kutembea hija ya Santiago: nianzie wapi, na begi liwe zito kiasi gani?

Mwalimu Mstaafu (Masasi)

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, ninaishi Masasi, na nina shamba la mikorosho ambalo, Mungu akipenda, ndilo litakalonilipia safari hii. Kwa miaka mingi nimekuwa na nia ya kutembea kwa miguu hadi Santiago de Compostela, Hispania, kwenye kanisa kuu ambalo kwa mapokeo ndimo alimozikwa Mtakatifu Yakobo Mtume, mwana wa Zebedayo. Nilipomweleza jirani yangu, Muislamu niliyezeeka naye mtaa mmoja, kwamba ninakwenda kuhiji, alinipa mkono wa pongezi, kisha akaniuliza nimesilimu lini. Ilibidi tukae barazani hadi magharibi ndipo tukaelewana.

Nimesoma kwamba njia inayotumiwa zaidi huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, nayo ina takribani kilomita 780, lakini wapo wanaoanzia mji wa Sarria na kutembea siku tano au sita tu. Je, anayeanzia Sarria huhesabiwa kuwa amehiji? Na mtu wa umri wangu abebe nini, aache nini? Muda ninaoweza kuondoka ni Aprili na Mei, kabla ya kazi ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa kupamba moto, kwa sababu kuanzia Septemba siwezi kuliacha shamba.

Mtembezi wa Nyangao

Milele amina, na shikamoo Mwalimu. Niliitembea njia hiyo yote kwa siku 34 nilipokuwa masomoni Ulaya, na nitaanza na swali la umbali, kwa kuwa ndilo linalowagombanisha watu bila sababu. Ofisi ya mahujaji pale Santiago hutoa cheti kiitwacho Compostela, kilichoandikwa kwa Kilatini, kwa kila aliyetembea walau kilomita 100 kwa nia ya dini au ya kiroho. Mwenye baiskeli hutakiwa kufikisha 200. Sarria iko umbali wa kilomita 115 hivi, kwa hiyo anayeanzia hapo ametimiza sharti. Utahitaji kijitabu cha hujaji, kinachoitwa credencial, ambacho hugongwa mhuri kila unapolala, na katika kilomita 100 za mwisho hakikisha unapata mihuri miwili kwa siku, iwe ya parokia, ya mgahawa au ya bweni.

Hata hivyo, mimi ningekushauri uanzie mji wa León, ambako pamebaki kilomita 310 hivi, yaani wiki mbili au zaidi kidogo kwa mwendo wa mtu asiyekimbizwa. Siku ya kwanza ya kutoka Saint-Jean hupanda milima ya Pirenei kwa zaidi ya mita 1,200, na nimewaona vijana wenye nguvu wakiketi kando ya njia wakilia. Ukianzia Sarria, kwa upande mwingine, utaikosa Cruz de Ferro, msalaba mdogo wa chuma uliosimikwa juu ya mti mrefu, mahali ambapo kila hujaji huacha kijiwe alichotoka nacho kwao. Chukua chako chini ya majabali ya Masasi, ila kiwe kidogo, kwa sababu utakibeba wewe.

Kuhusu begi, wazoefu husema lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili. Mimi nililipuuza hilo, na siku ya pili, kwenye mteremko wa mawe wa kuingia Zubiri, visigino vilianza kuwaka moto. Nilipovua soksi zangu za pamba nilikuta zimeloa jasho, na malengelenge mawili yamekaa kama mbegu za ukwaju chini ya ngozi. Mama mmoja mzee tuliyelala naye bweni moja alinionyesha namna ya kupaka mafuta ya mgando kila asubuhi, katikati ya vidole na kuzunguka kisigino, kabla ya kuvaa soksi za sufu nyepesi. Tangu hapo sikupata lengelenge jingine. Kiatu nacho kiwe kikubwa kwa namba moja kuliko unachovaa nyumbani, kwa kuwa miguu huvimba.

Mabweni ya mahujaji yana vitanda vya dabo deka kama vya shule ya bweni. Taa huzimwa saa nne usiku, na asubuhi na mapema kila mtu anatakiwa awe ametoka. Kagua godoro kabla ya kulalia, maana kunguni hawachagui nchi. Huwezi kupotea, kwa sababu mishale ya manjano imechorwa kwenye miti, kuta na mawe, kazi iliyoanzishwa katika miaka ya 1980 na Elías Valiña, paroko wa kijiji cha O Cebreiro. Tena unatembea kuelekea magharibi, hivyo asubuhi jua hukupiga mgongoni na kivuli chako hukutangulia, na kadiri siku inavyosogea linahamia kushoto. Funika sikio la kushoto. Mimi nilirudi nalo limebambuka.

Kijana wa Lindi Mjini

Shikamoo Mwalimu. Naongeza suala la karatasi, kwa sababu mimi lilinikwamisha. Utahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, Hispania ikiwemo, ambayo hukuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Bima ya safari ni lazima, nayo iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Mimi nilinyimwa mara ya kwanza kwa sababu taarifa yangu ya benki ilionyesha fedha nyingi zilizoingia kwa mkupuo mmoja mwezi ule ule wa maombi, na afisa aliyeniandikia majibu hakuona maelezo yoyote ya zilikotoka. Sisi tunajua kwamba fedha za korosho huja hivyo hivyo, lakini mtu wa mbali hajui minada wala stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala. Ambatisha hati za malipo kutoka chama chako cha msingi cha ushirika, pamoja na tafsiri yake, na barua ya paroko inayoeleza nia ya safari yako.

Muanglikana wa Kwetu

Mwalimu, mimi ni jirani yako wa upande wa Waanglikana, na ninashangaa kwamba mnaizungumzia Sarria bila kukumbuka njia iliyo chini ya miguu yenu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakatoka Zanzibar kwa chombo, wakashuka Lindi, na kutoka hapo wakatembea hadi Masasi, ambako walianzisha makazi. Kutoka Lindi hadi Masasi ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo watu wale walitembea umbali ambao leo ungewapatia cheti, bila mshale wa manjano hata mmoja.

Sisemi uache kwenda Hispania. Ninachosema ni kwamba mazoezi yako yafanyie hapa. Anza na Masasi hadi Ndanda, ambayo ni takribani kilomita 40, uigawe kwa siku mbili. Toka saa kumi na moja alfajiri ukiwa na begi lile lile na viatu vile vile utakavyosafiri navyo, na utembee upande wa kulia wa barabara, uso ukitazamana na magari yanayokuja, kwa sababu malori ya barabara ile hayamwoni hujaji. Ukifika Ndanda ingia kanisani kwa Wabenediktini, upumzike, upande basi urudi. Goti lenye kasoro litajitangaza kabla hujalipa nauli ya ndege.

Mwalimu Mstaafu (Masasi)

Nawashukuru nyote, nanyi vijana marahaba. Nimeamua kuanzia León, na nimeamua kutokwenda 2027, kwa kuwa mwaka huo sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, tarehe 25 Julai, itaangukia Jumapili, hivyo utakuwa Mwaka Mtakatifu wa Santiago na mabweni yatafurika.

Jana nilipeleka begi langu kwenye ghala la chama cha msingi, tukalitundika kwenye mzani wa korosho. Lilikuwa na kilo 11, ilhali mimi mwenyewe nina kilo 68. Mtunza ghala alinitania kwamba mzigo huo hauna daraja, akanisaidia kuufungua pale pale juu ya turubai. Tulitoa chupa ya chai, suruali ya tatu, tochi kubwa, pasi ya mkaa ambayo mke wangu aliisisitiza, na kitabu cha nyimbo chenye jalada gumu. Limebaki na kilo saba na nusu. Kijiwe cha Masasi kimo ndani, na Jumamosi ijayo ninatoka nalo kwenda Ndanda.