Daktari kanipa kitabu cha mtoto wa miezi 6, nimsomee kwa lugha gani?

MamaRehema:
Habari zenu jamani. Niko Minneapolis. Jana nimempeleka binti yangu kliniki, katimiza miezi 6. Daktari kabla hajamgusa akampa kitabu cha kurasa ngumu, picha tele za wanyama. Mtoto kakidaka kwa mikono miwili, moja kwa moja mdomoni. Nikataka kumnyang'anya, daktari akasema mwache, umri huu ndivyo wanavyokisoma. Akaniambia nimsomee kwa sauti kila siku. Sasa kitabu ni cha Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuungaunga, naogopa kumharibia matamshi. Nimempigia mama Tanga, naye anashangaa: mtoto hata "mama" hajatamka, atasomewa nini? Waliopitia haya mlifanyaje?

Dada_Nesi:
Hongera kwa mtoto, mdogo wangu. Miye ni nesi wa kliniki ya watoto hukuhuku Marekani. Mpango maarufu wa vitabu hivyo ni Reach Out and Read, ulianzia Boston mwaka 1989. Na tangu 2014 chama cha madaktari wa watoto kinataka wazazi wahimizwe kusoma kwa sauti tangu mtoto anapozaliwa. Kile kitabu daktari anakitumia pia kumtazama mtoto: anakishikaje, anakufuata kwa macho? Kiingereza kisikutishe. Usisome maandishi, soma picha, kwa Kiswahili chako. "Huyu ng'ombe. Analiaje? Mooo!" Halafu nyamaza kidogo, mpe nafasi naye akujibu kwa sauti yake. Kiingereza atakikuta shule, lakini Kiswahili asipokipata kwako atakipata kwa nani?

BabaTwalib:
Namuunga mkono Dada Nesi. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, nikirudi asubuhi nampakata mwanangu na kitabu chake, pembe zote katafuna. Kila siku naanza na "Paukwa!" na kujijibu mwenyewe "Pakawa!" Alipofika mwaka na miezi miwili nikasema "Paukwa", akapiga kofi ukurasa: "Kawa!" Nililia, dada yangu.

MamaRehema:
Ahsanteni sana. Leo nimejaribu kabla hajalala. Kufika kwenye bata nikamfanyia "kwakwakwa", akaacha kutafuna, akanikodolea macho mdomoni. Nikarudia, akapiga kelele yake. Nimemsimulia mama. Kasema kesho nimwekee simu karibu na mtoto, na yeye ana hadithi ya sungura.