Tupeane uzoefu: uaminifu katika yale madogo ambayo hakuna anayekagua

Mwanzisha mada
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba tupeane uzoefu, mahubiri tuwaachie wachungaji. Nataka visa vya kazini, sokoni na nyumbani: jambo dogo ulilolitunza au uliloliharibu ukiwa peke yako na Mungu.

Naanza mimi. Ni nesi wa zahanati ya kijijini. Tuna friji ya chanjo, na joto lake halitakiwi kutoka kati ya nyuzi 2 na 8. Linasomwa mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, hata Jumapili na sikukuu, kisha unaandika kwenye chati iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Ni kazi ya dakika moja tu. Mwaka wangu wa pili nikaanza kuizoea. Jumamosi na Jumapili siendi, Jumatatu najaza: 4, 5, 4, 5. Mwandiko mzuri, hata msimamizi aliisifu chati yangu.

Jumatatu moja nikakuta chupa za penta, moja ya chanjo za watoto, zimeganda. Miguu iliniishia. Iliganda usiku uliopita, au iliwahi kuganda ikayeyuka wiki mbili nyuma na watoto nimeshawachoma? Penta ikishaganda imeharibika, na kile kialama cha mraba kwenye chupa kinaonyesha chanjo iliyopata joto, hakionyeshi iliyoganda. Chati ndiyo ingeniambia, na chati nilikuwa nimeitunga mwenyewe.

Nilimweleza msimamizi ukweli wote. Chanjo zilitupwa, tukafungua rejista, tukawaita akina mama mmoja mmoja. Kuna aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni, akanishukuru kwa kumjali. Yale maneno bado yananichoma. Na kanisa letu liko jirani kabisa na zahanati. Jumapili zote zile nilikuwa kwaya, sauti ya pili.

Siku hizi nikitoka ibadani napitia zahanati na sare yangu ya kwaya, nasoma, naandika nilichokiona. Karibuni.

Dalali wa viazi
Pole dada, na asante kwa kusema wazi. Mimi nimenunua lumbesa miaka tisa, na sita kati ya hiyo nikiwa mzee wa kanisa. Asiyejua: sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima anakutajia bei ya gunia, vijana wako wanajaza, wanapandisha kichuguu juu, wanakishona kwa kamba. Siku moja niliweka mzigo wangu kwenye mizani: kilo 138. Hizo 38 za juu hakuna aliyezilipia. Jasho la mtu aliyelima kwa jembe la mkono.

Wiki hiyohiyo zamu ya kusoma Neno ilikuwa yangu, Mithali 11, mstari wa kwanza kabisa unahusu mizani. Sauti ilikata katikati.

Nikanunua mizani, nikaanza kulipa kwa kilo. Nisiwadanganye, faida ilishuka, na wenye malori wawili waliniacha kwa sababu wenzangu wanawapa bei ya chini. Huu ni mwaka wa nne na sijarudi nilipokuwa. Niliwafuata wakulima wawili niliowakumbuka vizuri kuwarudishia chao. Mmoja alikataa, akanikaribisha ugali. Wa pili alipokea, akahesabu mbele yangu, hakusema neno. Huyo wa pili ndiye aliyenifundisha zaidi.

Fundi cherehani
Mimi ni vipande. Mteja analeta mita 4, gauni linakula 3, ile moja inabaki dukani na hakuna anayeuliza. Nilikuwa nawashonea wanangu kaptula. Sasa kila nguo inatoka na mabaki yake kwenye mfuko. Wengi wanashangaa, wengine wanayaacha, lakini wameacha wenyewe.

Mlinzi wa usiku
Wapendwa, nisameheni, mimi naandika kwa uchungu. Bosi wangu ni mkristo mwenzetu. Huu ni mwezi wa tatu sijalipwa. Bado nafika saa kumi na mbili jioni, bado nazunguka uzio kila saa kama tulivyokubaliana. Mke wangu ananiuliza uaminifu huu ni wa nani. Nimjibu nini?

Mwanzisha mada
Kaka yangu, pole sana. Sina jibu la haraka la kukupa. Nikiamini kwamba kuzunguka kwako usiku Mungu anakuona, lazima niamini anamwona na bosi wako. Wakolosai 3 inatuambia tufanye kazi kwa moyo kama kwa Bwana, na sisi huwa tunaishia hapo. Mstari wa kwanza wa sura ya 4 unageukia mabwana: wawape watumishi wao haki. Kudai mshahara wako si kukosa imani. Nenda na mzee wa kanisa mmoja mkakae naye, na kama hasikii, ofisi ya kazi ipo kwa ajili hiyo.

Mama wa watatu
Nimesoma swali la mlinzi mara mbili, nikaweka simu chini. Nina dada wa kazi nyumbani, mwaka wa pili sasa. Tulipatana tarehe 30. Nimekuwa nikimpa tarehe 5, tarehe 9, mwezi uliopita tarehe 12, na pesa ninayo, ila ada na michango ya harusi naitanguliza. Yeye hasemi kitu, ananiitikia "sawa mama".

Leo ni tarehe 3. Nimemtumia sasa hivi, na ninakwenda jikoni kumwomba msamaha.