Laga ya Anko Barasa

*Familia ya Webuye 🏡*

Nekesa: Anko hiyo glasi ya bia umeweka kwa status, imeng'aa hivyo ni wewe umetengeneza ama umenunua??

Anko Barasa: Ni mimi mama. Imetoka kwa ndoo yangu hapa Lanet, Nakuru, lita 20. Na hamira si ya laga, ile bia ya kuchachia kwa baridi, ni ya eili, bia ya joto la kawaida, inaitwa Nottingham

Wafula: ngoja kwanza, si laga inatakanga hamira yake?

Anko Barasa: Ya laga inataka baridi ya digrii 8 mpaka 13 hivi tangu siku ya kwanza, na mimi friji ni moja na imejaa maziwa na sukuma. Nottingham inafanya kazi kutoka 10 mpaka 22, sasa naweka ndoo ndani ya karai la maji, naizungushia taulo imelowa, asubuhi na jioni natumbukiza chupa mbili za barafu, na usiku wa Nakuru unanisaidia, inakaa 15 au 16 tu. Pakiti nilitia mbili za gramu 11 kwa sababu kwa baridi hamira ikiwa kidogo inachoka

Nekesa: yangu ya Desemba ilinuka ndizi mbivu na kichwa kikatuuma sisi wote 😩

Anko Barasa: Pole mama, hiyo ni joto. Kisumu mchana inafika 30, na ndoo ikichacha inajipasha yenyewe inapita joto la chumba. Siku 3 za kwanza ndizo zinaamua ladha, shikilia hapo kabisa, baadaye hata ikipanda 19 ni sawa, tena inamaliza sukari vizuri

Kukhu: Barasa busaa ukiiweka kwa baridi inalala. Hiyo yako hailali? Na kimera ni cha wimbi?

Anko Barasa: Kukhu inaenda polepole lakini hailali. Kimera ni cha shayiri, ile nyeupe ya pilsner, nikakiloweka kwa maji ya digrii 65 saa nzima ndio pombe iwe kavu isibaki tamu. Halafu nikachemsha dakika 90 bila kifuniko, hiyo shayiri ukiifunika inabaki na harufu ya kabichi, na huku kwetu juu maji yanachemka kwa 94 hivi, siwezi kuharakisha. Wewe ndio ulinifundisha kutoharakisha kimera

Kukhu: 🙏🏾 Usiuze tu

Anko Barasa: Siuzi Kukhu, bila leseni ni makosa. Ni ya nyumbani

Wafula: sasa hiyo kung'aa inatoka wapi

Anko Barasa: Mwisho wake bana, hapo ndio watu wengi wanakosa. Neno lenyewe laga kwa Kijerumani ni kuweka stoo. Na Köln, mji wa Ujerumani, wanatumia hamira ya eili miaka yote, kisha pombe inakaa kwa baridi, hiyo ndio Kölsch, na ni safi sana. Mimi nilingoja wiki 2 mpaka haidromita, kile kipimo cha sukari iliyobaki, ikakaa 1.009 siku tatu bila kusonga, nikatia sukari ya kuleta gesi gramu 120 kwa ndoo nzima, nikajaza chupa za soda za plastiki. Ukifinya ikiwa ngumu, gesi iko. Wiki 2 mezani, halafu mama watoto akanipa shelfu ya chini ya friji, digrii 2, wiki 4. Hamira yote ililala chini. Msijaze mapema tafadhali, chupa ya glasi inaweza kupasuka ikaumiza mtoto

Nekesa: na mimi wa Kisumu nifanye nini anko, barafu yangu inaisha kwa masaa mawili tu

Anko Barasa: Kuna hamira ya Norway, kveik, aina ya Lutra, inavumilia hata 30 na zaidi bila ndizi. Shelfu ya baridi bado utaihitaji lakini. Leo usiku weka karai kwa sakafu ya stoo, upime joto la maji saa sita na tena asubuhi, unitumie hizo namba mbili kabla ya kununua chochote