Imrani na maziwa: gumzo la majirani

Mama Imrani: Habari za jioni majirani. Bi Zuwena na wakubwa wote shikamooni. Jamani nisaidieni, Imrani hataki maziwa kabisa. Nikiyachemsha tu, harufu ikifika sebuleni anavuta shati anaziba pua. Nikimkazania anayashikilia mdomoni, mashavu yamejaa, halafu anakimbilia kwenye sinki kuyatema. Gari la shule linampitia saa 12 kasoro, anaondoka na chai ya rangi na andazi. Mwalimu anasema ikifika saa 4 mtoto anasinzia. Wenzangu mnawapa nini?

Bi Zuwena: Marahaba mwanangu. Cha kwanza, acha kumkazania. Ukimshikia kikombe kila asubuhi ataichukia na asubuhi yenyewe.

Mama Kelvin: Jaribu kumtilia kakao na sukari, harufu inapotea. Kelvin ndivyo anavyokunywa.

Rehema Kliniki: Mama Imrani, kabla hatujafika mbali. Akiyameza anaumwa tumbo? Anaharisha? Anatoka vipele au midomo kuvimba? Au ni harufu tu?

Mama Imrani: Harufu, na ule utando wa juu. Mtindi wa baridi anakula vizuri, kwa bibi yake anamaliza bakuli.

Rehema Kliniki: Alhamdulillah, kumbe nusu ya kazi imeisha. Angekuwa anavimba au anatoka vipele ningekwambia muone daktari, na mtindi tungeusimamisha, hata maziwa ya mbuzi, maana protini zake zinafanana na za ng'ombe. Lakini mtindi anaumudu, na mtindi ni maziwa. Mpe usiotiwa sukari, mpondee ndizi mbivu au embe humo humo. Kakao na sukari nyingi siyo lazima mama Kelvin, tutamzoesha utamu wa bure.

Baba Neema: Samahani dada Rehema, mimi nimekuzwa nikiamini mtoto asiyekunywa maziwa mifupa haikazi. Hayo mengine si kujazia tumbo tu?

Rehema Kliniki: Baba Neema, mfupa unataka kalsiamu, protini na vitamini D. Maziwa ni njia moja ya kuvipata, nzuri, ila zipo nyingine. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu miligramu 340 hivi, gramu 100 za maziwa zina kama 120. Ila tusidanganyane, kikombe cha uji hakiingii gramu 100 za unga, na ulezi una vitu vinavyozuia mwili kuifyonza kalsiamu yote. Kwa hiyo uji peke yake hautoshi, unahitaji wenzake. Vitamini D ngozi inaitengeneza ikipata jua letu, muacheni acheze nje.

Bi Zuwena: Ndiyo maana sisi ulezi hatukuupeleka mashineni mkavu. Unauosha, unauloweka usiku kucha, unauchuja, unauweka kwenye ungo na kuufunika kwa kitambaa kibichi. Ukishatoa vijimea vidogo unauanika juani ukauke kabisa, ukiacha unyevu utaota ukungu. Kisha unasaga. Uji wake una utamu wake wenyewe, na hauwi mzito haraka, kwa hiyo unatia unga mwingi zaidi na mtoto bado anaunywa.

Rehema Kliniki: Bi Zuwena umemaliza. Kuloweka na kuotesha ndiko kunakopunguza hivyo vizuizi.

Mama Imrani: Na ule unga wa lishe wa madukani, wenye nafaka nyingi na karanga?

Rehema Kliniki: Mimi napendelea ulezi wenyewe, karanga utie siku ya kupika. Karanga zikisagwa na unga halafu zikakaa kwenye joto hili la Dar, zinachacha upesi. Na huwezi kujua zilichambuliwa au la. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, ni ya kuogopa, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu yake. Kukaanga karanga hakuiondoi yote. Chambua mwenyewe, zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi tupa. Halafu saga laini, karanga nzima zinakaba watoto wadogo.

Mama Kelvin: Kelvin mimi namtilia dagaa kwenye mayai. Nawatoa vichwa, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka wavunjike mkononi, nasaga. Kijiko kimoja cha chai kwenye yai, na kitunguu na nyanya. Hajawahi kuniuliza.

Rehema Kliniki: Hapo ndipo penyewe! Dagaa analiwa na mifupa yake, kalsiamu yote ipo. Anza na robo kijiko Mama Imrani, huyo pua yake ni kali.

Mama Imrani: Shida yangu muda. Saa 11 niko jikoni na baba yake naye anataka kutoka.

Baba Neema: Hapo nakusaidia, asubuhi kwetu mimi ndiye mpishi. Kila kitu kinapikwa usiku. Viazi vitamu au magimbi nachemsha na maganda, asubuhi namenya tu. Mbaazi za nazi zikibaki ndiyo raha, Neema anazila na chapati ya jana iliyopashwa. Zinakaa kwenye friji lakini, nazi kwa joto hili hailali nje.

Rehema Kliniki: Safi sana. Na ile chai ya rangi isiambatane na chakula, inazuia madini ya chuma, na watoto wetu wengi damu zao ni ndogo. Badala yake kipande cha chungwa, pera, au maji ya ubuyu yasiyo na sukari nyingi. Vitamini C inasaidia chuma cha kwenye mbaazi na maharage kuingia mwilini.

Mama Imrani: Mungu awabariki. Kesho naanza na mtindi na ndizi, kiazi kitamu naweka jikoni sasa hivi. Bi Zuwena, ulezi nikinunua kilo mbili utanionyesha kuuotesha?

Bi Zuwena: Njoo nao Alhamisi jioni, ungo ninao. Tukipata jua, Jumatatu unakwenda mashineni.

Mama Kelvin: Na mimi naleta wangu kilo moja, tuoteshe pamoja.

Baba Neema: Mashineni nitapeleka mimi, napita huko. Andikeni majina kwenye mifuko.